Safari ya Maskati na Hesabu ya Saa

Kutoka Unguja hadi Maskati ni kilomita 3,900 hivi kwa mstari ulionyooka. Umbali huo haukupungua hata shubiri moja tangu zama za majahazi. Kilichopungua ni muda. Wazee wetu walingoja kusi ndipo watweke tanga kwenda Arabuni, na waliokuwa huko walingoja kaskazi iwalete. Kisha hukaa baharini wiki kadhaa. Seyyid Said bin Sultan, alipokuwa akirejea Unguja kutoka Maskati mwezi wa Oktoba 1856, alifariki merikebuni kabla ya kufika. Msafiri maskini, ajapokuwa sultani.

Leo ndege ya jeti, iendayo kilomita 850 hivi kwa saa, huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa tano na kitu, iwapo haitui njiani. Anayepitia Doha hupelekwa mbele kaskazini-magharibi ya Maskati, kisha hurudishwa nyuma, na pengine siku nzima ikapita.

Lakini hasara kubwa zaidi humpata msafiri kabla hajapanda ndege, nayo hutokana na hesabu ya saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na za usiku linapokuchwa. Tiketi huanza siku yake usiku wa manane. Inaposema 08:00, kwetu ni saa 2 asubuhi. Inaposema 20:00, ni saa 2 usiku.

Tuchukue tiketi iliyoandikwa Ijumaa, 01:30. Mwenye kuisoma kwa haraka husema, "Nasafiri Ijumaa usiku." Akifika uwanjani Ijumaa usiku, ndege imekwishaondoka tangu alfajiri haijaingia, na nauli iliyotokana na jasho la mikarafuu imepotea. Kwa kuwa desturi ya safari za nje ni kuwahi kwa muda wa saa tatu, alitakiwa awe uwanjani Alhamisi, saa 4 na nusu usiku.

La ajabu ni kwamba elimu ya chuoni ingalimwokoa. Tulifundishwa kuwa usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia kwa magharibi ya Alhamisi. Hapo tiketi na chuo vinakubaliana. Aliyepotea ni yule aliyeiacha hesabu ya wazee wake asiishike barabara ile ya ofisini.

Kadhalika, Maskati wametutangulia kwa saa moja. Anayeondoka hapa saa 2 asubuhi, akasafiri muda wa saa tano na nusu, kwetu ni saa 7 na nusu mchana, kwao ni saa 8 na nusu. Mwenyeji wake na aarifiwe kwa saa za huko.

Ndugu zetu wanaosimamia safari hawana budi kulitazama jambo hili. Si gharama kubwa kuandika juu ya stakabadhi: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 7 na nusu." Masheha nao wawaeleze wananchi, hasa wa Pemba, ambao kabla ya safari hiyo wanayo nyingine ya kuvuka hadi Unguja, na ambao wakikosea siku hawana pa kulala mjini.

Umbali umekwisha kushindwa na mitambo. Uliobaki ni wajibu wetu wa kuambizana saa kwa lugha inayofahamika.