Jinsi Ubongo wa Kompyuta Ulivyoshuka Bei

Mwachie mtoto simu yako ya mkononi kwa nusu saa tu. Ukirudi utamkuta anacheza gemu, na chaji imekwisha. Wengi wetu hukasirika tukasema gemu ni upuuzi. Leo hatutabishana juu ya malezi. Tunataka kueleza jambo ambalo wengi hatukulijua: gemu za watoto na kompyuta kubwa kabisa za wataalamu ni ndugu. Na katika ndugu hawa wawili, mdogo ndiye aliyekuja kumsaidia mkubwa.

Ili tuelewane, tuanze na huo ubongo wenyewe.

Karani asiyechoka

Ndani ya kila kompyuta mna sehemu iitwayo prosesa. Watu huiita ubongo, nasi tutaiita hivyo, ingawa kusema kweli haina akili yoyote. Ifikirie kama karani wa chama cha ushirika siku ya kununua pamba. Karani yule hufanya mambo machache tu. Anasoma uzito kwenye mzani. Anazidisha kwa bei. Anajumlisha. Analinganisha: je, uzito huu umezidi ule? Anaandika kwenye daftari. Kisha anaita, "Mwingine!" Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Inajua kuchukua namba, kujumlisha, kulinganisha, kuandika, na kurudi mwanzo. Tofauti ni mwendo. Prosesa ndogo ya mwaka 1975 ilifanya kazi kwa mapigo milioni moja kwa sekunde, na kila jambo dogo lilichukua mapigo machache tu.

Karani huyu hafanyi lolote bila maagizo. Maagizo hayo huitwa programu. Tuseme kuna mpira kwenye kioo cha televisheni. Kwa prosesa, mpira ule ni namba tu: uko nafasi ya 40. Programu inasema: ongeza 1. Sasa uko 41. Je, umefika ukutani, yaani 100? Bado. Basi chora mpira nafasi ya 41, halafu rudia. Ukifika 100, acha kuongeza, anza kupunguza. Mtoto anaona mpira umegonga ukuta ukarudi. Kumbe ni kujumlisha na kutoa tu, kama tulivyofanya kwenye kisomo.

Sasa, gemu ya kwanza kuuzwa majumbani haikuwa na karani huyu. Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilianza kuuza mashine iitwayo Odyssey, aliyoibuni Ralph Baer. Haikutoa sauti. Ilionyesha vidoa vya mwanga na mstari, basi. Picha ya uwanja ilikuwa plastiki nyembamba yenye rangi, ambayo mchezaji aliibandika mwenyewe juu ya kioo cha televisheni! Kubadili mchezo ulichomeka kadi iliyobadili miunganiko ya waya, lakini vifaa vya ndani vilibaki vile vile, na mambo viliyoweza kufanya ni yale yale.

Mashine yenye prosesa ni habari nyingine. Karani ni mmoja, lakini ukimpa karatasi nyingine ya maagizo anafanya kazi nyingine kabisa. Leo mpira, kesho gari, keshokutwa vita vya angani. Mbona basi hawakuweka prosesa tangu mwanzo? Jibu ni moja: bei.

Mashine ya mamilioni

Wazee wanaokumbuka redio za valvu watakumbuka pia jinsi zilivyopata moto. Kompyuta iitwayo ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani huko Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30. Mwishoni mwa 1947 mafundi wa maabara ya Bell waligundua transista, kifaa kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila joto lile. Ndicho kilichotuletea redio ndogo za betri, ambazo wengi waliziita kwa jina hilo hilo, transista. Miaka ya 1958 na 1959 Jack Kilby na Robert Noyce, kila mmoja kwa njia yake, walipata namna ya kuweka vifaa vingi vya aina hiyo juu ya kipande kimoja kidogo. Hicho ndicho tunachokiita chipu. Na mwaka 1971 kampuni ya Intel ikauza prosesa nzima katika chipu moja. Iliitwa 4004, ilikuwa na transista 2,300, na ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni moja ya Japani.

Lakini wakubwa hawakuvitazama vichipu hivyo. Wao walitaka kasi.

Bingwa wa kasi alikuwa Seymour Cray. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1925 katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin, na hata alipokuwa fundi maarufu alirudi kufanya kazi huko huko, mbali na kelele za makao makuu. (Jambo hili linatufurahisha sisi wa mashambani.) Mwaka 1976 mashine yake ya kwanza ya aina ya Cray-1 ilipelekwa Los Alamos, maabara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na silaha za nyuklia. Ilisimama kama nguzo nene iliyokatwa upande mmoja, ikazungukwa na viti vyenye mito kama sebuleni. Chini ya viti vile mlikuwa na mitambo ya umeme. Umbo lile halikuwa pambo. Umeme nao huchukua muda kupita kwenye waya, kwa hiyo Cray alizungusha mashine ili pasiwe na waya wa kuzidi futi 4. Maelfu ya waya hizo ziliungwa kwa mikono, na kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa mji ule. Joto lake lilikuwa kali hata ikabidi kupitisha ndani kipoozi kile kilichotumika kwenye mafriji, kiitwacho freoni.

Siri kubwa ya Cray-1 ilikuwa hii. Karani wa kawaida huambiwa, "Zidisha namba hii." Akimaliza, huambiwa tena, "Na hii." Cray alimpa karani wake agizo moja kwa safu nzima ya namba 64. Ni kama kuwaambia wapagazi 64, "Gunia begani, tembeeni!" badala ya kumwamuru kila mmoja peke yake. Kwa njia hiyo mashine iliweza kufika hesabu milioni 160 kwa sekunde.

Haikuwa kazi ya silaha tu. Kituo cha nchi za Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kilichokuwa Reading, Uingereza, kilipata mashine ya aina hii, na kuanzia mwaka 1979 kikawa kinatoa utabiri wa siku nyingi mbele. Mkulima hahitaji kuelezwa faida ya hilo. Lakini bei! Cray-1 moja ilikwenda kwa dola milioni 8 hivi. Nani angeiweza?

Hata mashine ndogo kuliko hiyo zilitutoa jasho. Tanzania ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha miaka ya 1960. Mambo hayakwenda sawa, hasara ikapatikana, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wako waliolaumu uamuzi huo baadaye. Sisi tunasema, ukiangalia bei za wakati ule na fedha za kigeni zilivyokuwa haba, si ajabu.

Prosesa ndani ya mtungi

Mwaka huo huo wa 1974, huko Marekani, mhandisi aitwaye Chuck Peddle alikuwa akifanya kazi Motorola. Kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza prosesa iitwayo 6800, na Intel walikuwa na yao, 8080. Zilipotoka ziliuzwa dola 360 kila moja. Peddle alizunguka kwa wateja akiwaeleza sifa za 6800. Wateja walisikiliza, wakaipenda, kisha wakauliza bei, wakanyamaza. Mtu anayetengeneza mizani ya dukani hawezi kuweka ndani yake kitu cha dola 360. Peddle akaona dawa ni kutengeneza prosesa rahisi. Wakubwa wake hawakutaka. Wakamwambia aache habari hiyo. Akaondoka na wenzake kadhaa, wakaenda kampuni ndogo ya MOS Technology, jimbo la Pennsylvania.

Hapa inafaa tueleze kwa nini chipu huwa ghali. Si kwa sababu ya malighafi, maana silikoni hutoka katika mchanga. Chipu nyingi huchorwa kwa mara moja juu ya kisahani chembamba, kisha hukatwa. Zenye kasoro hutupwa. Ni kama mama anayekaanga maandazi ya kuuza. Akikaanga 100 na 70 yakaungua, yale 30 yaliyosalia ndiyo yatakayobeba gharama ya unga, sukari na mafuta yote. Sasa, michoro ile hupigwa kama fundi picha anavyotoa picha kwenye negativu. Negativu ikiwa na doa, kila picha itakuwa na doa. Mafundi wa MOS Technology walikuwa na ujuzi wa kusahihisha madoa kwenye negativu zao. Maandazi yaliyoungua yakapungua sana. Tena Peddle na wenzake walipunguza yale yasiyo ya lazima, chipu ikawa ndogo, na kisahani kimoja kikatoa nyingi zaidi.

Prosesa yao iliitwa 6502. Mwezi Septemba 1975 waliipeleka kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini San Francisco, bei yake dola 25. Watu walidhani ni utapeli. Zaidi ya hayo, ilikatazwa kuuza bidhaa ndani ya ukumbi, kwa hiyo waliuzia katika chumba cha hoteli. Mezani paliwekwa mitungi ya kioo iliyojaa chipu, ili mteja aone kwamba mali ipo. Peddle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba zile za chini zilikuwa mbovu. Nzima zilikuwa za juu tu. Ujanja wa sokoni ni ule ule kila nchi!

Motorola hawakukaa kimya. Walishusha bei ya 6800 hadi dola 69, tena wakafungua kesi. Mwaka 1976 MOS Technology ililipa dola 200,000 na kuacha kuuza ndugu mmoja wa 6502, ile iliyoweza kuchomekwa mahali pa prosesa ya Motorola. Kampuni ilidhoofika, ikanunuliwa na Commodore mwaka huo huo. Lakini 6502 ilikwisha toka, na bei ilikwisha vunjika. Kijana Steve Wozniak alishaitumia kutengeneza kompyuta ya kwanza ya Apple.

Na gemu? Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ilitoa mashine ya Channel F yenye prosesa yake na kaseti za michezo za kubadilisha. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, Mmarekani mweusi, wakati ambapo weusi katika kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka uliofuata Atari ikatoa mashine yake yenye 6507, ambayo ni 6502 iliyopunguzwa miguu kutoka 40 hadi 28 ili iwe rahisi zaidi. Nafasi yake ya kukumbuka ilikuwa 128 tu, yaani herufi za sentensi moja au mbili za gazeti hili. Ikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1983 biashara ya gemu ikaanguka Marekani, maana kaseti mbovu zilijaa madukani, hata Atari ikazika shehena ya kaseti zake jangwani New Mexico. Mwaka huo huo Nintendo ya Japani ikaja na mashine yake, na ndani yake mlikuwa na nini? Mjukuu wa 6502. Zile TV game za kaseti zilizouzwa mijini kwetu miaka ya 1990, nyingi zilikuwa nakala za mashine hiyo.

Ndugu wawili wakutana

Tangu hapo fedha za watoto zikawa zinalipia utafiti. Picha za gemu zilivyozidi kuwa nzuri, kazi ya prosesa ilibadilika. Kila nukta ya picha huhitaji hesabu ile ile, na nukta ni nyingi mno. Hebu kumbuka wale wapagazi 64 wa Cray. Kumbe gemu ilikuwa imefika kwenye kazi ile ile!

Mwaka 2006 Sony ilitoa PlayStation 3. Prosesa yake, Cell, waliitengeneza pamoja na Toshiba na IBM. Ilikuwa na karani mkuu mmoja na wasaidizi wa kufanya hesabu nyingi kwa pamoja. Mwaka 2008 IBM ilichukua prosesa hiyo, ikaiboresha kidogo, ikaunganisha 12,960 za aina hiyo pamoja na prosesa nyingine za kawaida. Mashine iliyopatikana iliitwa Roadrunner. Ilikuwa ya kwanza duniani kupita hesabu milioni elfu mara milioni moja kwa sekunde. Na ilifungwa Los Alamos, maabara ile ile iliyopokea Cray-1 mwaka 1976.

Roadrunner iligharimu zaidi ya dola milioni 100. Ilizimwa tarehe 31 Machi 2013. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inakula umeme mwingi kuliko mashine mpya za kasi ile ile, basi wenyewe wakaona ni hasara kuiacha inawaka.