Mafuta ya Vitunguu Saumu: Ladha Nzuri, Hatari Iliyofichika

Mafuta ya zeituni yaliyokolezwa vitunguu saumu, pilipili au majani ya rozimari yameanza kuingia katika meza zetu, yakichovywa mkate au chapati. Hata pale Nansio, ambako mafuta ya zeituni ni ghali, utakuta chupa ya mafuta ya alizeti iliyotumbukizwa vitunguu saumu vibichi. Kiungo hiki ni chakula chema. Jambo linalohitaji tahadhari ni namna kinavyotengenezwa na kutunzwa.

Vitunguu saumu huota ardhini, na udongo hubeba spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Spora hizo hustahimili hata maji yanayochemka. Zikiwa hewani hazina madhara makubwa, lakini zikizamishwa ndani ya mafuta hukosa oksijeni, nazo hustawi katika mazingira hayo. Kwa kuwa vitunguu saumu havina uchachu wa kutosha, joto la kawaida la nyumba zetu za kandokando ya ziwa hutosha kwa bakteria kuzaliana na kutoa sumu. Mafuta yenye sumu hiyo yaweza yasibadilike rangi, harufu wala ladha.

Mwaka 1985, huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu kutokana na vitunguu saumu vilivyokatwakatwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta bila ubaridi. Afrika Mashariki nayo haikusalimika: mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya mlipuko wa ugonjwa huu nchini Kenya, uliotokana na kula mchwa.

Je, tuache mafuta haya? La. Zipo njia salama:

Kwanza, tumia viungo vilivyokaushwa vizuri, kwani bakteria huhitaji unyevu. Pili, ukitaka vitunguu saumu vibichi au majani mabichi, tengeneza kiasi cha mlo mmoja na kilichobaki kimwagwe. Tatu, ukilazimika kuhifadhi, weka ndani ya friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, kwa muda usiozidi siku 4. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiyahurumie mafuta hayo. Nne, usitegemee matone ya ndimu, kwa maana uchachu wake haupenyi hadi ndani ya punje.

Kwa wahudumu wa afya: dalili huanza kwa kawaida kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zaweza kuchelewa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope hulegea, kinywa hukauka, matamshi huwa mazito na kumeza huwa shida. Kisha udhaifu hushuka kutoka usoni kwenda mikononi na miguuni. Mara nyingi hana homa, na akili zake ni timamu. Msikimbilie kudhani ni kiharusi. Ulizeni alikula nini, na nani alikula pamoja naye.

Kinachoua ni kulegea kwa misuli ya kupumulia. Kutoka Nansio hadi Mwanza kivuko huchukua takribani saa tatu, na ziwani hakuna mashine ya kupumulia. Kwa hiyo rufaa ianze mapema, mgonjwa angali anapumua vizuri, akisindikizwa na mhudumu mwenye vifaa vya kumsaidia kupumua. Hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla kivuko hakijang'oa nanga, ili matayarisho ya dawa ya kupinga sumu yaanze.

Chupa mnayoitilia shaka msiionje. Wanafamilia waifunge vizuri na kuikabidhi kwa wahudumu wa afya.