Utatu Mtakatifu: nani anamtuma nani?



Juma hili nimepokea barua ya katekista mmoja wa kigangoni. Anasema kila mwaka huwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kuwa Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Watoto wanakariri, wanajibu vizuri mbele ya padri, kisha daftari linafungwa. Anauliza: fundisho hili lina kazi gani katika kigango chetu, ambako padri hufika mara moja kwa miezi miwili, na kazi yote iliyobaki ni yetu sisi walei? Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa, maana halitaki ufafanuzi wa hesabu. Linataka kujua kama Utatu una uhusiano wowote na jembe.

Hesabu nayo hatuwezi kuikwepa kabisa, kwa sababu majirani zetu Waislamu hutuuliza, tena kwa haki: mnaabudu miungu mingapi? Jibu ni mmoja. Kanisa halijapata kusema kwamba moja ni sawa na tatu. Linasema Mungu ni mmoja, na nafsi ni tatu. Neno nafsi mnalijua pia kutoka darasani, mwalimu wa Kiswahili anaposema nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Nafsi ni yule awezaye kusema "mimi" na kuitwa "wewe". Yesu alipokuwa akisali usiku mlimani hakuwa akizungumza na kivuli chake. Alikuwa akimwambia Baba "wewe".

Sikilizeni pia jinsi tunavyofanya ishara ya msalaba. Tunasema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hatusemi kwa majina ya. Ni jina moja, na "la" inarudiwa mara tatu. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika Kigiriki cha Injili ya Matayo, pale Yesu anapowatuma wanafunzi wake kubatiza: jina ni katika umoja. Sarufi peke yake haithibitishi imani, lakini hapa imeitunza vizuri.

Mifano je? Wengine hutaja maji, barafu na mvuke. Mimi siupendi mfano huo, kwa kuwa maji yaleyale yanageuka, mara hivi mara vile, kana kwamba Mungu ni mtu mmoja anayebadilisha kanzu. Fundisho la namna hiyo lilikwisha kukataliwa katika karne ya tatu. Mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja ni mfano wa kwetu, na bibi zetu wameufundishia kwa miaka mingi, lakini ukiondoa chungu unabaki na mawe matatu. Tena iko ile hadithi ya Mtakatifu Augustino na mtoto aliyetaka kuhamishia bahari katika shimo la mchangani. Ni hadithi nzuri, ila wahubiri wengi huitumia kama mlango wa nyuma: ni fumbo, ndugu zangu, tukae. Augustino mwenyewe, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, hakukaa. Aliandika vitabu kumi na vitano juu ya Utatu, na kazi hiyo ilimchukua miaka mingi.

Tuje sasa kwenye jembe. Katika Kiswahili shina -tuma limezaa mtume, utume, mtumishi, na pia mtumwa. Katika desturi zetu mkubwa humtuma mdogo. Mtoto hutumwa dukani, mzee hatumwi. Kwa hiyo tukisikia kwamba Baba amemtuma Mwana, masikio yetu yanaelewa upesi kwamba Mwana ni mdogo. Si sisi wa kwanza kuelewa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya nne padri mmoja wa Aleksandria katika Misri, jina lake Ario, alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Maaskofu walikutana Nisea, katika nchi ya Uturuki ya leo, mwaka 325, wakakataa. Walikiri kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Mwaka 381, huko Konstantinopoli, Kanisa likakiri wazi kuwa Roho Mtakatifu naye huabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Mwaka 2025 Wakristo wa madhehebu mengi waliadhimisha miaka 1700 ya Nisea, na huenda wengi wetu tulijiuliza kwa nini ugomvi wa neno moja la Kigiriki ukumbukwe muda mrefu hivyo.

Ukumbukwe kwa sababu hii. Kama Ario alikuwa na haki, basi Mungu alikaa nyumbani akatuma tarishi. Barua ilifika, mwenyewe hakufika. Lakini kama Nisea ilikuwa na haki, basi aliyezaliwa Betlehemu, akala na wenye dhambi, akafa msalabani, ni Mungu mwenyewe amekuja. Na Roho anayemiminwa mioyoni mwetu si nguvu fulani iliyotumwa kutoka mbali. Ni Mungu mwenyewe anayekaa ndani. Kutumwa huko hakumshushi anayetumwa, kwa maana yanatoka katika upendo ambao Baba, Mwana na Roho wanao tangu milele, kabla ya kuwapo mtu wa kutumiwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema jambo hili katika hati yake juu ya kazi ya kimisionari, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, na hati yenyewe huitwa Ad Gentes. Inafundisha kuwa Kanisa ni la kimisionari kwa asili yake, kwa sababu asili hiyo ni kutumwa kwa Mwana na kutumwa kwa Roho Mtakatifu, kadiri ya mpango wa Baba. Maana yake, utume haukuanza na jahazi lililotia nanga pwani yetu. Haukuanza na shirika lolote wala ofisi yoyote. Utume ulikuwapo kwa Mungu kwanza, ndipo Kanisa likapatikana ndani yake.

Nitawapa ushahidi wa jirani. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu wamezoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alitaka wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, kwa hiyo waliobatizwa mwanzoni walikuwa wachache. Novemba 1882, hali ilipokuwa ya hatari, mapadri waliondoka wote, wakaenda kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza. Hawakurudi hadi Julai 1885. Miaka miwili na zaidi, hakuna padri, hakuna Misa. Kwa hesabu za kiofisi kazi ilikuwa imefungwa.

Waliporudi walikuta Wakristo na wakatekumeni wengi kuliko waliowaacha. Watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu ya Kabaka, walikuwa wamefundisha wenzao, wamesali nao, wamewatunza. Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga akabatizwa, akachukua uongozi wa vijana wa ikulu. Haikupita hata miezi saba. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, walipojua kuwa asubuhi wataitwa mbele ya Kabaka, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni kadhaa miongoni mwao, Kizito akiwa mmojawapo, kijana wa miaka kama kumi na minne. Mlei, mchanga katika ubatizo, bila padri karibu, akiwa na maji na yale maneno: jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki ishirini na wawili kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa ni wao wenyewe wamisionari wa bara lao.

Ndugu katekista, ndiyo kazi ya Utatu katika kigango chako. Kama utume ni mali ya padri, basi akiondoka unakwenda naye katika pikipiki yake. Kama ni wa Baba anayemtuma Mwana na kumpeleka Roho, basi huyo mwenye utume yuko kigangoni wiki zote nane ambazo padri hayupo. Sisemi padri si lazima. Ekaristi hatuna bila yeye, na watu wa Buganda walijua walichokikosa. Nasema tu kwamba kumtembelea mgonjwa, kupatanisha ndugu waliogombania shamba, kumfundisha mkatekumeni, hayo hayangoji ratiba ya parokia. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliliona hili walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, ingawa siku hizi jumuiya nyingine zimekuwa mahali pa kukusanyia michango tu, na hilo linanisikitisha.

Linabadilika pia namna ya kutumwa. Nimesema mtume na mtumwa ni wa shina moja. Yesu, usiku wa karamu ya mwisho, anawaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki, kwa kuwa amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Basi anayehubiri kwa vitisho, au anayehesabu vichwa ili apeleke taarifa, bado anafanya kazi ya utumwa. Mungu hakumlazimisha mtu. Alikuja, akakaa, akangoja.

Katika barua hiyo lipo swali la pili, kwa nini sisi husema Roho hutoka kwa Baba na Mwana, na ndugu zetu Waorthodoksi husema hutoka kwa Baba. Hilo ni refu, na muda wangu umekwisha. Nitalichukua juma lijalo, Mungu akipenda.