Mbwa wa Kazi na Mguu Uliopotea (2): Dawa ni ya Miguu Iliyobaki

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha Lucca, mbwa wa kunusa mabomu wa kikosi cha Marine cha Marekani, akiwa mkoani Helmand, Afghanistan. Ilikuwa tarehe 23 Machi 2012. Alikwisha kuligundua bomu moja, na alikuwa akitafuta mengine pale la pili lilipomlipukia. Askari aliyemwongoza, Juan Rodriguez, alimkimbilia ingawa hakujua kama njia ilikuwa salama, akaukaza mguu kwa ukanda kuzuia damu. Mbwa akaokoka, lakini mguu wa mbele wa kushoto ukakatwa wote. Siku kumi baadaye alikuwa akitembea.

Aliyewahi kumuuguza mtu aliyekatwa mguu atashangaa: siku kumi tu? Siri iko begani. Gusa chini ya shingo yako utaukuta mtulinga, mfupa unaoliunganisha bega na kifua. Mbwa hana mtulinga wa kufanya kazi hiyo. Mguu wake wa mbele umeshikana na kiwiliwili kwa misuli mitupu. Kwa hiyo daktari anayeuondoa mguu pamoja na kombe la bega hahitaji msumeno: hufunga mishipa ya damu, hukata neva na misuli, kisha hushona.

Kwa nini asiache kigutu? Kwa sababu kigutu cha juu ni adui wa mbwa. Hakifiki chini, lakini mbwa hujaribu kukikanyagia, na kila anapojikwaa hukigonga na kukichubua. Nalo kombe la bega likiachwa bila mguu, misuli yake hukonda na mfupa hutokeza chini ya ngozi.

Kidonda kikishafunga, wengi hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo inapoanza, maana mgonjwa sasa ni miguu iliyobaki. Mbwa akisimama, takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa mbele na 40 nyuma. Mbwa wa kilo 30, basi, huweka kilo 18 mbele, yaani kilo tisa kwa kila mguu. Akipoteza mmoja, ule wa pili haubebi zote 18, kwa kuwa mbwa husukuma sehemu ya uzito nyuma na kuusogeza mguu huo katikati, chini ya kifua. Hata hivyo mzigo wake huzidi sana ule wa zamani. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mguu huu, mzigo wa mwenzake ni gunia la chumvi.

Ndiyo maana kilo moja ya unene, ambayo mbwa wa miguu minne angeibeba bila shida, kwa huyu ni hatari. Sakafu ya vigae itandikwe mikeka isiyoteleza, kucha zikatwe, na asiachwe kuruka kutoka garini, kwani anapotua kishindo chote hupokewa na kiwiko na kifundo kimoja.

Mfano wa pili ni Kuno, mbwa wa jeshi la Uingereza aliyepigwa risasi katika miguu yote miwili ya nyuma, huko huko Afghanistan, mwaka 2019. Yeye alikatwa sehemu ya wayo mmoja tu. Jeraha lilikuwa chini, hivyo kigutu kirefu kiliweza kubeba kiungo bandia, naye akawa mbwa wa kwanza wa jeshi la nchi hiyo kutengenezewa viungo vya namna hiyo. Alifanyizwa mazoezi majini, kwenye mkanda unaozunguka chini ya miguu. Maji yakifika nyongani, mbwa hubeba chini ya nusu ya uzito wake, hivyo misuli hufanya kazi bila viungo kuumia.

Kwa mbwa hawa wawili daktari alijiuliza jambo lile lile: je, kitakachobaki kitaweza kubeba nini? Lucca alibaki na miguu mitatu mizima, kwa hiyo wa nne uliondolewa wote. Kuno aliumia miguu miwili, kwa hiyo kila sentimeta ya kuokoa iliokolewa.

Lucca hakurudi kazini. Baada ya doria zaidi ya 400 nchini Iraq na Afghanistan, alikwenda kuishi na Chris Willingham, mwongozaji wake wa kwanza. Mwaka 2016 alivishwa Nishani ya Dickin jijini London, na alifariki mwaka 2018. Miaka hiyo yote karibu sita aliitembea kwa miguu mitatu.

Wiki ijayo: mfupa uliovunjika lakini unaweza kuokolewa, gango linapofaa na linapodhuru.