Cheti cha Usalama wa Mboga: Nani Atalipa?

Leo tunazungumza juu ya cheti cha usalama wa chakula, kile mnunuzi anachokitaka kabla ya kuchukua mishiri au bamia zako. Utauliza, hayo si mambo ya kilimo? Ni ya afya pia. Mboga iliyonyunyiziwa dawa huchumwa na wewe, mtoto akiwa mgongoni.

Masharti haya yana sababu. Januari 2013 nchi za Ulaya zilianza kupima mizigo ya maharagwe mabichi kutoka Kenya, mmoja katika kila kumi, kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwapata watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mahindi yale hayakuwa ya kuuzwa ng'ambo. Yalikuwa ya ugali na muthokoi wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye pesa. Cheti kinachojulikana sana ni GLOBALG.A.P., ambacho hadi 2007 kiliitwa EurepGAP. Hudumu mwaka mmoja, kisha mkaguzi hulipwa tena. Na malipo ya mkaguzi si yote. Kuna choo karibu na shamba, mahali pa kunawa, stoo ya dawa yenye kufuli, mavazi ya kunyunyizia na kupima maji. Mwenye robo eka hawezi peke yake, ndiyo maana kikundi huruhusiwa kukaguliwa pamoja na kugawana gharama.

Katika miaka ya 2000 wafadhili na kampuni za kuuza nje waliwalipia wakulima wadogo wengi wa Kenya. Vyeti vikapatikana, watu wakashangilia. Ufadhili ulipokwisha, vikundi vingi vilishindwa kulipa tena na kupoteza soko. Kwa hiyo mtu akija kwenye baraza na habari njema ya cheti, muulize: mwaka wa pili nani atalipa? Kama ni kampuni, je, itakata pesa hizo kwenye mazao yetu? Uliza hata kama mwenyekiti atakunja uso.

Huko Marekani, mwaka 2022 serikali ilianzisha mpango wa kuwarudishia wakulima wa mboga na matunda sehemu ya gharama za cheti, mafunzo na kupima maji. Huku kwetu msaada wa serikali hupitia zaidi kwenye vikundi. Mradi wa NARIGP, ulioidhinishwa 2016 na kufika Kitui na Makueni, ulitoa fedha kwa vikundi vya wakulima. Mama asiye katika kikundi hakuzipata kwa urahisi. Tangu 2013 kilimo kiko mikononi mwa kaunti, basi pa kuanzia ni kwa afisa wa kilimo wa wadi yako. Nenda na karatasi ya usajili wa kikundi na daftari la mikutano. Muulize ni mradi gani ulio wazi sasa, na kama unalipia ukaguzi au mafunzo peke yake.

Lakini yapo ambayo mkaguzi huyatafuta na hayangojei mfadhili. Soma kwenye chupa ya dawa ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma, na zihesabu, hata kwa sukuma wiki ya jikoni kwako. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasinyunyize dawa. Nguo za kunyunyizia zifuliwe mbali na nguo za mtoto. Nawa kwa sabuni utokapo chooni, kabla ya kugusa mboga.

Na ile dawa uliyopimiwa sokoni kwenye chupa ya soda, iliyo chini ya kitanda, mtoto akiiona atadhani ni soda. Iondoe leo, mama, kabla hujalala.