Sainasi Msimu wa Salfa: Lini Antibiotiki, Lini Subira

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Viko jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Kila chumba kimetandwa utando laini unaotoa ute, na ute huo husukumwa polepole kupitia vitundu vyembamba hadi puani. Mambo yakienda sawa mtu hata hajui kwamba ana sainasi. Utando ukivimba, vitundu huziba na ute hutuama ndani. Hapo ndipo huanza uzito wa mashavu na maumivu ya paji yanayozidi mtu akiinama. Wengi huyaita kipanda uso, japo jina hilo hubeba pia maumivu ya kichwa cha upande mmoja yanayokuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Hayo ni ugonjwa mwingine, na pua ya mgonjwa wake kwa kawaida haijaziba.

Huko Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kuanzia bonde la mto Lukuledi hadi juu ya uwanda wa Makonde, msimu wa pua kuziba ni kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za uwandani huwa na baridi, na mafua hupita nyumba hadi nyumba. Miezi hiyohiyo mikorosho huchanua, na wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, kwa mashine inayobebwa mgongoni, na unga wake hauchagui kati ya jani na pua ya mpulizaji. Huwasha macho, hukausha koo na kuvimbisha utando wa pua. Aliyefanya kazi hiyo bila barakoa anaweza kushinda akipiga chafya, akitokwa na kamasi jembamba na kuumwa kichwa, na asiwe na maambukizi yoyote. Anachohitaji ni barakoa na miwani, kusimama upande unakotoka upepo, na kuoga na kusuuza pua mara atokapo shambani. Antibiotiki haiondoi unga wa salfa. Vivyo hivyo kwa moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, na kwa moshi wa kuni jikoni, ambao kinamama huuvuta mwaka mzima na husahaulika mno mtu anapouliza kwa nini pua haiponi.

Tukiacha vumbi na moshi, chanzo kikubwa cha sainasi kuvimba ni virusi vya mafua. Karibu kila mwenye mafua sainasi zake huvimba kwa kiasi fulani, na hilo si tatizo jipya bali ni sehemu ya mafua yenyewe. Katika watu wazima 100 wenye mafua, wanaoishia kupata maambukizi ya bakteria kwenye sainasi hawazidi 2 hivi. Kwa watoto idadi ni kubwa kidogo, lakini bado walio wengi hupona bila dawa ya kuua bakteria. Antibiotiki huua bakteria tu, virusi haivigusi. Kwa hiyo swali lote la tiba ni moja: ugonjwa huu ni wa virusi bado, au bakteria wameshaingia?

Wengi hulijibu kwa kutazama leso. Kamasi likiwa jeupe, ni mafua. Likiwa la njano au kijani, basi ni “infeksheni” na dawa inatafutwa. Kipimo hicho hakifai. Rangi ya kijani hutokana na seli nyeupe za damu zinazopambana na kimelea, na seli hizo hupambana na virusi pia. Mafua ya kawaida huanza na kamasi la maji, siku ya tatu au ya nne huwa zito na la njano, kisha hupungua na kurudi kuwa jeupe. Anayenunua dawa siku ile ya njano mara nyingi hupona siku chache baadaye na kuisifu dawa, ilhali mafua yalikuwa yakiondoka yenyewe.

Kinachofaa kuangaliwa ni siku, na mwelekeo wa ugonjwa ndani ya siku hizo. Mafua hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, halafu hulegea. Yakifika siku 10 bila dalili ya kulegea, pua ikiwa bado imeziba, kamasi zito na uso unauma, bakteria wanaweza kuwa wamepata nafasi. Alama ya pili ni ugonjwa kurudi: mtu amepata nafuu, ameanza kazi, kisha siku ya 5 au ya 6 homa inarejea, kichwa kinauma kuliko mwanzo na kamasi linaongezeka. Madaktari huipa alama hii uzito mkubwa. Ya tatu ni ukali tangu mwanzo, yaani homa ya nyuzijoto 39 au zaidi pamoja na usaha puani au maumivu makali ya uso kwa siku 3 au 4 mfululizo. Mwenye mojawapo ya alama hizi anastahili kuonwa na tabibu. Asiyekuwa nayo, hata kama analalamika sana, kwa kawaida bado yumo ndani ya mafua. Picha ya eksirei haisaidii katika hatua hii, kwa kuwa sainasi za mwenye mafua ya kawaida nazo huonekana zimejaa.

Mkoani Mtwara kuna jambo moja la kuongezwa. Mkoa huu ni kati ya ile yenye malaria nyingi nchini, na homa na kichwa huja na malaria kama zinavyokuja na sainasi. Mtu anaweza kuwa na mafua na malaria kwa pamoja. Homa yoyote ipimwe zahanati kwa kipimo cha haraka cha malaria kabla mtu hajajihukumia sainasi. Kosa la kuitibu pua huku malaria ikiendelea ni kubwa kuliko kosa la kuchelewesha antibiotiki.

Katika siku za kungoja, mgonjwa haachwi hivihivi. Parasetamoli hupunguza maumivu na homa. Aspirini asipewe mtoto. Msaada mzuri zaidi na wa bei ndogo ni kusuuza pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji, yapata mililita 250. Mgonjwa huinama juu ya beseni, akapumua kwa mdomo, na kuyaingiza maji polepole tundu moja baada ya jingine kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Hufanywa mara mbili au tatu kwa siku. Maji lazima yawe yamechemshwa na kupoa. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa adha ya vizazi na kaya nyingi huishi kwa maji ya mvua yaliyovunwa, sharti hili halina msamaha: maji ya mvua au ya kisimani yasiyochemshwa yana vimelea visivyotakiwa kupelekwa juu ndani ya pua, na baadhi yake ni hatari kwa ubongo.

Kujifukiza, au kupiga nyungu kama ilivyozoeleka zaidi tangu mwaka 2020, humpa mtu faraja ya muda. Utafiti haujaonyesha kwamba mvuke unafupisha ugonjwa, na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka imekwisha kuunguza watu wengi. Watoto wasifukizwe kabisa. Matone ya kuzibua pua yana nguvu ya kweli, ila yakitumika zaidi ya siku 3 hadi 5 pua huzoea na huziba vibaya zaidi kila yanapoachwa. Mwenye shinikizo la damu aulize kwanza kabla ya kumeza vidonge vya kuzibua pua. Vidonge vya mzio vinamfaa mwenye mzio; kwa sainasi za mafua huleta usingizi tu na kukausha ute ambao ungepaswa kutoka.

Alama zilizotajwa zikiwapo, antibiotiki ina kazi, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti za watu wazima ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wa sainasi wasiopewa antibiotiki, karibu 46 walikuwa wamepona ndani ya wiki 1 na 64 ndani ya wiki 2. Dawa iliongeza wachache tu juu ya hao, na watumiaji wengi zaidi walipata kuhara, kichefuchefu au vipele. Ndiyo maana tabibu anaweza kumwambia hata mwenye siku 10 arudi baada ya siku mbili tatu akionekana hali yake si mbaya. Huko si kumnyima dawa.

Dawa ya kuanzia ni amoksilini, au amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu, limeziweka hizi mbili katika kundi la kwanza, la dawa za kutumika mwanzo. Siku 5 kwa kawaida zinatosha kwa mtu mzima anayeendelea vizuri. Kiwango cha mtoto hufuata uzito wake, hivyo hapaswi kumegewa kidonge cha mkubwa. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, maana amoksilini ni ya ukoo huohuo. Azithromaisini na siprofloksasini, ambazo hupendwa kwa sababu ya kumezwa mara chache, zimo katika kundi la pili, la kutumiwa kwa tahadhari, na kuanzia nazo kwa sainasi ni kuharibu silaha ya vita vingine.

Dukani mambo huwa tofauti. Mteja huomba “rangi mbili”, yaani kapsuli za antibiotiki, akanunua vidonge vinne au sita kulingana na alichonacho mfukoni, akameza hadi kichwa kilipoacha kuuma. Maduka ya Dawa Muhimu yalianzishwa katika mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, kwa lengo la kuwa na muuzaji aliyefunzwa karibu na wanakijiji. Antibiotiki zinazoruhusiwa humo zinatakiwa kuuzwa kwa cheti. Kampeni ya kitaifa ya “Holela-Holela Itakukosti” ililenga hasa tabia hii ya kununua dawa kiholela. Bakteria wasiouawa na dozi pungufu hubaki, huzaana na kuwaambukiza wengine. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Tanzania ilikuwa imeshaandika mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017.

Zipo sainasi ambazo hazifuati njia hii. Mizizi ya magego ya juu inapakana na sakafu ya sainasi ya shavu, hivyo jino bovu linaweza kuijaza usaha wa upande mmoja unaonuka. Hapo tiba ni kwa daktari wa meno. Mtoto mdogo mwenye uchafu unaonuka wa tundu moja achunguzwe kama ameingiza punje ya hindi, shanga au kipande cha korosho. Mtu mzima anayetokwa na damu tundu moja mara kwa mara aonwe na daktari bingwa wa pua, masikio na koo. Na pua iliyoziba zaidi ya wiki 12 ni ugonjwa sugu: huenda ni mzio, au vinyama puani, au kinga iliyopungua, mathalani kwa mtu anayeishi na VVU asiyetumia dawa. Kurudia antibiotiki mwezi baada ya mwezi katika hali hiyo ni kupoteza fedha.

Mara chache sana maambukizi hutoka kwenye sainasi yakaingia kwenye tundu la jicho au kwenye ubongo, na watoto na vijana ndio hupatwa zaidi. Kope zikivimba na kuwa nyekundu, jicho likisukumwa nje au likiuma kuligeuza, mtu akiona vitu viwili viwili, paji likivimba, shingo ikikakamaa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, hesabu ya siku inakoma. Hapo hakuna nyungu, hakuna duka la dawa, wala kungoja kupambazuke. Mgonjwa apelekwe saa ileile hospitali iliyo karibu, iwe Mkomaindo mjini Masasi, Mtakatifu Benedikto Ndanda au ya wilaya Newala, kwa sababu anahitaji dawa za mishipani na pengine upasuaji siku hiyohiyo.