Baraza la Manispaa Limeondoka: Sasa Tupige Hodi Wapi?



Katika vikundi vyetu bado tunasikia watu wakisema, "Hiyo maneno ipelekwe kwa diwani." Lakini diwani hayuko tena! Basi tueleze kilichotokea.

Hapo awali Ruiru ilikuwa na Baraza lake la Manispaa. Madiwani wote walikuwa wa Ruiru, na mambo ya soko na takataka yalijadiliwa hapa hapa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza yote ya miji na wilaya nchini yalivunjwa, kwa kufuata Katiba ya 2010. Ruiru, sawa na Thika, ikawa chini ya serikali ya Kaunti ya Kiambu.

Kaunti ina mfuko mkubwa na kazi nyingi: zahanati, kilimo, shule za chekechea. Hiyo ni faida. Lakini hesabu ndiyo hii: Kiambu ina wadi 60, na Ruiru ina 8 tu, yaani Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Tukinyamaza, pesa zitaenda kwa wanaosema. Ni kweli mji una bodi ya manispaa, lakini wanabodi hawachaguliwi kwa kura zetu.

Kikundi kifanye nini?

1. Kijue ofisi ya msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi. Hao ndio mlango wa kwanza.

2. Kiende mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukingoja Mei, umechelewa.

3. Kihudhurie mikutano ya maoni ya wananchi. Mchague msemaji mmoja, aombe jambo moja: daraja, au mfereji wa maji.

4. Kiandike. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa maandishi. Wanachama watie sahihi, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri. Maneno ya mdomo husahaulika, jamani!

Mlango haukufungwa, ulihamishwa. Umoja ni nguvu.

Swali la kujadili: Ni nani katika kikundi chetu anayejua ofisi ya wadi iko wapi?